Rekebisha Mwanga, Usirekebishe Mzigo



Leo sina ofa wala tangazo. Nina ugomvi kidogo na ushauri mmoja ambao tunapeana sana sisi wafanyabiashara wadogo: "Picha ndiyo inauza, ipendezeshe picha." Nusu ya ushauri huo ni kweli, na ndiyo inayonilisha mpaka leo. Nusu nyingine ilinitoa laki na themanini mfukoni kwa wiki moja, tena pesa ambayo sikuwa nayo. Naona vijana wengi wanaoanza wanazimeza nusu zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo nataka nizitenganishe.

Kwa wasionijua: nina miaka 26, niliishia kidato cha nne, nauza mikoba na viatu kwenye kifremu kimoja hapa Mbagala, Dar es Salaam. Vingine ni vipya, nachukua jumla Kariakoo, vingine mtumba. Wateja wa mlangoni ni majirani zangu. Wateja wa mbali nawapata kwa simu, na hao wa mbali ndio wanaolipa kodi ya fremu. Kupiga picha sijasomea popote. Nimejifunza kwa kuharibu.

Ngoja niwasimulie nilipoharibu vibaya zaidi.

Mwaka juzi nilichukua Kariakoo mikoba sita ya aina moja, rangi moja. Nilirudi jioni nimechoka, lakini nikasema nisilale bila kuposti. Nikaipiga picha usiku huohuo chini ya balbu ya njano ya fremu. Picha ikaonekana imefifia. Nikaweka filta moja kwenye simu, nikaongeza rangi mpaka mkoba ukawa kama unawaka. Mkoba wenyewe ulikuwa wa kahawia. Kwenye picha ukawa unaelekea damu ya mzee. Ukaonekana wa bei kuliko ulivyo, na mimi nikafurahi, nikaona nimeshakuwa fundi.

Kesho yake akanitafuta dada mmoja yuko Songea. Wanaandaa harusi ya mdogo wake, sare ya kina mama wa kamati ni damu ya mzee. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hii ni damu ya mzee?"

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkoba ulikuwa umening'inia ukutani, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikugeuka kuuangalia. Niliangalia picha kwenye simu, nikamjibu, "Ndiyo dada, damu ya mzee kabisa."

Akalipa mikoba yote sita, elfu ishirini na tano kila mmoja, jumla laki moja na nusu, na elfu kumi na tano ya kusafirishia. Siku hiyohiyo nikaipeleka stendi. Jioni baba mwenye fremu akapita, nikampa kodi yake. Nililala vizuri.

Mzigo ulifika Alhamisi, harusi Jumamosi. Yule dada hakunitukana. Alitandika kitambaa cha sare mezani karibu na dirisha, akaweka mkoba juu yake, akapiga picha na kunitumia. Chini akaandika, "Mdogo wangu, angalia mwenyewe." Basi. Kitambaa damu ya mzee, mkoba kahawia ya ganda la karanga. Picha yake ya haraka haraka, isiyo na filta yoyote, ilikuwa na ukweli kuliko yangu niliyoihangaikia saa nzima.

Nilimrudishia laki moja na nusu yake, nikamrudishia nauli ya mzigo, nikalipa na nauli ya kuirudisha mikoba Dar. Laki na themanini. Nilikopa kwenye kikoba na nikailipa kwa miezi mitatu. Mikoba niliiuza baadaye kwa bei niliyonunulia. Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Kina mama wale wa kamati, kila mmoja ana dada zake, wifi zake na wafanyakazi wenzake. Tangu siku hiyo sijapata oda hata moja kutoka Songea.

Kilichotokea kwenye picha nilikuja kukielewa baadaye, na ni kitu rahisi. Mwanga una rangi. Wanaipima kwa Kelvini. Balbu ya njano ina kama Kelvini 2700, mwanga wa jua la mchana una kama 5500. Namba ikiwa ndogo, mwanga una uchungwa. Ikipanda, unaelekea ubluu. Jicho lako halilioni hilo kwa sababu ubongo unasahihisha wenyewe: shati jeupe unaliona jeupe hata chini ya balbu ya njano. Kamera haina ubongo huo, inakisia tu. Kahawia chini ya balbu ya njano inavuta wekundu, na ukiongeza filta inayokoleza rangi, wekundu unapanda zaidi. Kumbe mimi nilikuwa nauza rangi ya balbu yangu.

Tangu hapo nina kanuni moja, na ndiyo ninayoitetea leo: rekebisha mwanga, usirekebishe mzigo. Kila unachokifanya kabla ya kubonyeza kamera na baada ya kubonyeza, jiulize swali moja tu. Je, hiki kinamsaidia mteja auone mzigo wangu, au kinamwonyesha mzigo ambao sina?

Msidhani ni tatizo la sisi wa simu janja na filta. Wakubwa walishapita hapo zamani. Marekani, kampuni ya Campbell's, ile ya supu ya makopo, ilikuwa inapiga picha za matangazo mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukimimina supu kwenye bakuli, mboga zinazama chini, juu unaona maji tu. Basi wapigaji picha wakaweka gololi za kioo chini ya bakuli, mboga zikasukumwa juu, bakuli likaonekana limejaa vitu. Supu ni ileile ya kweli, mboga ni zilezile. Tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, ikasema huo ni udanganyifu, kwa sababu mtu anadhani ananunua supu iliyoshiba kuliko ilivyo. Mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha.

Nyingine ndiyo ilinigusa zaidi. Colgate-Palmolive walikuwa na tangazo la televisheni la krimu ya kunyolea, Rapid Shave. Wanapaka krimu kwenye msasa, wanapitisha wembe, msasa unanyoleka kama ndevu. Kumbe haukuwa msasa, ilikuwa plastiki ngumu kama kioo imenyunyiziwa mchanga. Msasa wa kweli ulihitaji kulowekwa kama dakika 80 ndipo unyoleke. Wakajitetea kwamba msasa wa kweli ukipigwa na kamera unaonekana kama karatasi ya kawaida tu, kwa hiyo walilazimika kutafuta mbadala. Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1965 wakashindwa.

Mnaona huo utetezi? "Kamera haionyeshi vizuri, ndiyo maana nimesaidia kidogo." Ndio utetezi wetu sisi wote. Ndio nilitaka kumwambia yule dada wa Songea.

Sasa msije mkanielewa vibaya, mkadhani nasema piga picha mbovu ndiyo uaminifu. Hapana. Picha yenye giza nayo inadanganya, inaonyesha mzigo mbaya kuliko ulivyo, na anayepunjika hapo ni wewe mwenyewe. Ujanja unaruhusiwa, tena mwingi. Kuna mpigapicha wa Marekani, Edward Weston, alikuwa anapiga vitu vya kawaida kabisa: kabeji, makombe ya baharini, hoho. Mwaka 1930 alipiga picha ya hoho moja ambayo mpaka leo inahesabika kati ya picha maarufu za karne iliyopita. Unajua aliiweka wapi? Ndani ya faneli kubwa ya bati. Faneli, kama hii ya kumiminia mafuta ya taa. Bati likawa linarudisha mwanga pande zote za hoho, kila mkunjo ukaonekana. Na nyuma ya hoho faneli ikawa kama ukumbi wake.

Gololi ni ujanja na faneli ni ujanja. Lakini gololi iliongeza mboga ambazo hazipo, na faneli ilileta mwanga kwenye hoho iliyopo. Mimi nimechagua kuwa mtu wa faneli.

Haya, faneli yangu ni hii hapa. Haifiki elfu kumi.

Karatasi mbili za manila nyeupe. Moja naibandika ukutani kwa selotepu, nailaza ishuke mpaka mezani kwa mkunjo wa taratibu, nisiweke kona. Mzigo unakaa juu yake. Ukiweka kona utaona mstari nyuma ya mzigo na picha inaonekana ya jikoni. Usipoweka kona inaonekana kama studio.

Mlango wa fremu unakuwa ubavuni mwa mzigo, si nyuma ya mzigo na si nyuma yangu. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha ngozi ina vinyweleo au ni laini, mshono umesimama au umelala. Ile taa ya duara ya kurekodia video ukiiweka mbele inafuta vyote hivyo, mkoba unakuwa kama umechorwa. Jua likipiga moja kwa moja mlangoni, natundika kitambaa chepesi cheupe cha pazia, mwanga unalainika na vivuli vinapungua ukali.

Manila ya pili naikunja, naisimamisha upande wa pili wa mzigo, upande wenye giza. Inarudisha mwanga. Hiyo ndiyo faneli yenyewe. Kama mzigo ni mweupe, kwa mfano raba nyeupe, pembeni nasimamisha kitu cheusi ili kingo za kiatu zisipotelee kwenye karatasi.

Na taa yote ya ndani nazima. Hili ndilo lililoniponza, kwa hiyo nalirudia: zima taa. Ukichanganya balbu na mwanga wa mlangoni, upande mmoja wa mkoba unakuwa na rangi yake na upande mwingine na rangi yake, na hakuna programu itakayokutengenezea hapo.

Kwenye kupiga sasa. Futa kamera ya simu, maana simu zetu zinakaa mfukoni na zinashikwa na mikono ya chipsi. Nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole. Usisogee karibu sana na mzigo. Ukisogea karibu, sehemu iliyo mbele inavimba, kiatu kinaonekana kina pua kubwa na kisigino kidogo. Rudi nyuma hatua moja, kisha vuta picha mara mbili. Gusa kioo pale kwenye mzigo ili kamera ilenge hapo.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyeniambia: kamera haijui mzigo wako ni mweupe au mweusi. Inajaribu kila kitu kukifanya kiwe na mwanga wa katikati. Kwa hiyo raba nyeupe inatoka ya kijivu, na mkoba mweusi unatoka umepauka. Ukipiga kitu cheupe, pandisha mwanga kidogo kwenye kamera. Kitu cheusi, shusha. Hapo hujadanganya, umemrekebisha anayekisia.

Kwa wanaouza sufuria, birika na vijiko: ninyi shida yenu ni kwamba chombo kinaonyesha uso wenu na fremu nzima. Zungushieni shuka jeupe kama hema, mtoboe tundu dogo la kupitisha kamera. Chombo kinachong'aa kinaonyesha kilichokizunguka, kwa hiyo kizungushieni weupe.

Tukija kwenye kuhariri, mimi natumia Snapseed, ni ya bure. Wewe tumia unayoijua, kazi ni zilezile. Nina vitu ninavyofanya na vitu ninavyojikataza.

Ninavyofanya: nasawazisha weupe. Kwa sababu nyuma ya mzigo kuna manila nyeupe, naiambia programu "hapa ni peupe", rangi nyingine zote zinarudi mahali pake. Nakata kingo zisizo na kazi. Nanyoosha picha iliyolala upande. Napandisha mwanga kidogo kwenye vivuli. Nafuta vumbi na alama zilizo kwenye karatasi. Karatasi siuzi, kwa hiyo ninaisafisha nitakavyo.

Ninavyojikataza: kukoleza rangi ya mzigo, kufuta mkwaruzo ulio kwenye mzigo, kunyoosha mkunjo wa ngozi, na kuweka picha ya mtandaoni badala ya mzigo wangu. Hili la mwisho naliona kila siku. Mtu anachukua picha ya kiwandani China, ya mfano wa kwanza kabisa uliotengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha, anamtumia mteja wa Kigoma kiatu cha daraja la tatu. Halafu akilalamikiwa anasema mteja msumbufu.

Siku hizi kuna na hizi programu za akili mnemba, unaweka picha yako, zinakutengenezea meza ya marumaru na maua nyuma. Sina ugomvi na maua. Lakini nilijaribu moja na buti ya mtumba, ikanirudishia buti nzuri sana. Nilipohesabu, matundu ya kamba kwenye buti yangu ni sita kila upande, kwenye picha yalikuwa saba, na soli imeongezeka unene. Ilinishonea buti nyingine kabisa! Kama unazitumia, kaa na mzigo mkononi, hesabu vifungo, hesabu matundu, angalia zipu iko upande gani. Kisha ndiyo uposti.

Na kabla ya kuposti chochote, nafanya lile ambalo sikulifanya ile siku. Nabeba mzigo mpaka mlangoni, naweka simu pembeni yake, naviangalia vyote viwili. Ni sekunde kumi. Hizo sekunde kumi kwangu zilikuwa na thamani ya laki na themanini.

Najua mtaniambia kioo cha simu ya mteja si sawa na changu. Ni kweli. Simu moja inakoleza rangi, nyingine inapausha. Ndiyo maana siiachii picha kazi yote. Naandika rangi kwa maneno ambayo mtu wa popote anayajua: kahawia ya ganda la karanga, bluu ya sketi ya shule ya msingi, njano ya ndizi mbivu. Kwenye picha moja naweka kizibo chekundu cha Coca-Cola pembeni ya mzigo. Kwanza kinaonyesha ukubwa. Pili, wekundu ule kila mtu anaujua, hivyo kama kwake kizibo kinaonekana cha pinki, anajua kioo chake kina mambo yake. Na kama ni rangi ya sare, siuzi kwa picha moja tena. Namtumia video fupi mlangoni mchana, halafu namwambia, "Dada, kama inatakiwa ifanane kabisa, nitumie kipande cha kitambaa kwanza." Wengine wanaona nawachelewesha. Waliokubali hakuna aliyewahi kurudisha.

Sasa tuje kwenye hoja ya jirani yangu. Yeye ana fremu ya tatu kutoka kwangu, ni rafiki, tunakula pamoja, na hili tunabishana kila wiki. Anasema, "Wewe unaweka picha ya mkwaruzo, nani atanunua? Wateja wote wanajua picha ni picha, mzigo ni mzigo. Wanajipunguzia wenyewe kichwani." Hoja yake si ya kijinga. Picha zake zinapata watu wengi kuliko zangu, na viatu vyake vinatoka haraka. Sitawadanganya kwamba uaminifu ulinipa mauzo wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza nilikaa na kiatu kilekile siku tisa.

Lakini angalieni kilichofuata. Kulikuwa na kiatu cha ngozi cha kiume, kizuri, kina mkwaruzo kisigino cha kushoto. Nikapiga picha tano: mbele, ubavu, soli, ndani, na huo mkwaruzo peke yake kwa karibu. Nikaandika "kisigino cha kushoto kimekwaruzwa, angalia picha ya tano." Badala ya elfu ishirini na tano nikaweka kumi na nane. Akaja kaka mmoja wa Dodoma, akaangalia picha ya tano, akasema, "Hapo fundi anapiga rangi tu." Akalipa. Kilipofika alinitumia ujumbe kwamba mkwaruzo wenyewe ni mdogo kuliko alivyotegemea. Toka hapo ameshanunua mara nne. Haulizi "ni chenyewe?" Haombi picha nyingine. Analipa, anatuma jina la basi.

Hicho ndicho jirani yangu hakihesabu. Yeye anahesabu mauzo ya leo. Hahesabu dakika arobaini za kubembelezana na kila mteja mpya, kwa sababu wa zamani hawarudi. Na hilo la "wateja wanajipunguzia kichwani" ndilo linalotuumiza sisi sote. Mteja akishajifunza kwamba picha zetu zote zina chumvi, hata mzigo wangu wa kweli anaukata bei, anasema "hizo picha zenu tunazijua." Mkopo anachukua mmoja, riba tunalipa wote.

Kuna na upande wa sheria, tusijisahau. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kumpotosha mlaji kwenye biashara. Haisemi kwamba ukidanganya kwa picha si kudanganya. Lakini mimi sikuacha kwa kuogopa sheria. Niliacha kwa sababu ya yale maneno ya dada wa Songea. Angenitukana ningemjibu. "Angalia mwenyewe" sikuwa na jibu lake, kwa sababu kuangalia ndiyo kazi niliyotakiwa kuifanya kabla yake.

Kwa hiyo wewe unayeanza, ukiambiwa picha ndiyo inauza, kubali. Nunua manila zako mbili, zima taa, tafuta mwanga wa ubavuni, futa kamera, sawazisha weupe. Ipendezeshe picha mpaka mama yako akuulize umepiga studio gani. Ila ukimaliza, chukua mzigo wenyewe mkononi, nenda nao mlangoni, uviangalie vyote viwili. Kama mzigo umeaibika mbele ya picha yake, futa picha, upige upya.

Yule dada nilimwandikia tena mwezi uliopita. Sikumwomba anunue kitu. Nilimtumia picha ya mkoba mpya, damu ya mzee ya kweli, umelala juu ya manila na kizibo chekundu pembeni. Ameiona. Bado hajajibu, na simlaumu.

Kazi njema, wapambanaji.